Wanga, Sukari na Afya ya Mabibi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya kisukari kiwapatacho mabibi wa makamo. Huenda wengine watauliza karani ana nini na mambo ya madaktari. Sisi ndio tuandikao daftari ya misaada, nasi twaona maombi ya namna moja yakirudi: mama mwenye kidonda cha mguu kisichopona, mama aliyefifia macho, nauli ya kwenda hospitali isiyokwisha.

Wanga ndio chakula chetu: ugali, wali, chapati, viazi, ndizi. Si sumu, wala hatukuja kuwakataza watu ugali. Ukishaliwa, wanga hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ndipo kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari hiyo mlango iingie mwilini itumike. Bibi alimaye toka alfajiri huitumia. Bibi akaaye dukani au ofisini kutwa, akila sahani ile ile ya mama yake, ziada hugeuka mafuta. Na mafuta yakijikusanya tumboni huufanya mwili usiitii insulini. Kongosho huongeza bidii mwaka baada ya mwaka, hata huchoka.

Katika uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015, wanawake wapatao 38 katika kila 100 walionekana wamezidi uzito ufaao. Wanaume walikuwa 17 hivi. Twasema wazi kwamba tofauti hiyo haikuletwa na ulafi wa mabibi. Katika nyumba nyingi nyama hupewa baba na wageni, naye mama hushibia ugali na mchuzi uliobaki. Tena bibi akinenepa twamsifu mumewe kwamba anajua kutunza! (Wazee watuwie radhi.) Lipo na jambo la wanawake peke yao. Mja mzito aliyepatwa na kisukari cha mimba, hata kikiondoka akishajifungua, hatari yake ya kukipata baadaye kwa kudumu ni mara saba au zaidi ya mwenzake. Wengi hudhani yamekwisha, wasirudi kupimwa. Na hedhi ikikoma, mafuta huelekea tumboni; kiuno cha bibi kipitacho sentimita 80 chataka kuangaliwa.

Bibi zetu walikula wimbi na mtama, pamoja na kunde, maharagwe na mboga za majani. Nafaka isiyokobolewa, yenye pumba zake, husagika tumboni polepole, na sukari haipandi damuni kwa ghafula. Unga mweupe wa dukani umeondolewa pumba hizo. Basi unga wa kinu cha kijijini usidharauliwe, na mboga zichukue nusu ya sahani.

Sukari ya chai ndiyo itutiayo hofu zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ingefaa mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Anywaye vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu amekwisha kunywa kumi na viwili, kabla hajaonja mandazi; na chupa ya soda ya mililita 300 ina karibu vijiko vinane. Twajua kwamba mgeni akipewa chai isiyokolea sukari husema amefanyiwa uchoyo.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mambo mawili myapigie kura. La kwanza, fedha za misaada zilipie kupimwa damu kwa kila bibi mwanachama aliyetimiza miaka 40, na kwa yeyote aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba, awe na umri wo wote. Apimwe asubuhi kabla ya kula. Ikionekana milimoli 7 kwa lita au zaidi, apelekwe kwa daktari apimwe tena, wala asijitibu kwa majani. La pili, chai ya mikutano yetu ipikwe bila sukari, na bakuli liwekwe mezani kila mtu ajitilie. Gharama za sukari ya mwaka mtaziona katika hesabu za Mweka Hazina, ukurasa ufuatao.