Mashimo ya Dhahabu na Dhima ya Maji



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, tunapenda kuzungumzia neema tuitumiayo kila siku kwa kunywa na kwa kutawadha, nayo ni maji.

Sisi wa Lushoto tuko Usambara Magharibi. Ng'ambo ya bonde la Lwengera iko Usambara Mashariki, na huko, katika misitu ya Amani, ndiko uanziako mto Zigi. Maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani, yakanywewa na watu wa mji wa Tanga. Miaka ya 2003 na 2004 watu wengi waliivamia misitu hiyo wakitafuta dhahabu, wakachimba hadi vijitoni. Serikali ikawaondoa. Je, kuondoka kwa mchimbaji ndiko kuondoka kwa madhara?

Hasha! Shimo lililoachwa wazi hupeleka tope mtoni kila mvua inyeshapo. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, ikimwagika hukaa katika mchanga wa kijito, ikageuka sumu kali zaidi na kuingia katika samaki na walaji wake. Kuchemsha maji si dawa yake. Na penye miamba yenye salfa, hewa na maji vikikutana shimoni huzaliwa asidi.

Basi tiba ina utaratibu. Kwanza wataalamu wapime maji, mchanga na samaki. Mchanga wenye zebaki usichokorwe ovyo. Kisha mashimo yafukiwe, udongo wenye rutuba uwekwe juu, na miti ya asili ipandwe. Asidi hupunguzwa kwa chokaa, lakini chokaa haiondoi zebaki.

Wanazuoni wa fiqhi walikwishaweka harimu ya kisima na ya mto, yaani eneo la kando lisiloguswa. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Ndugu zetu, akaaye mlimani ameshika kisima cha akaaye bondeni, naye wa bondeni hamwoni. Akitujia mtu na habari za dhahabu katika vijito vyetu, tumwulize kabla ya jembe la kwanza: shimo hili atalifukia nani?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza amana hii. Wabillahi tawfiiq.