Kilichomo Ndani ya Opali

Msikilizaji, ukiona kito cha opali chenye kitu kama tawi dogo ndani yake, usiharakishe kusema ni mmea. Katika opali ya kijani ya Haneti, mkoani Dodoma, kwa jirani zetu Watanzania, matawi hayo meusi ni oksidi ya manganizi iliyopenya jiweni. Hata ule ukijani unatokana na nikeli.

Opali ya Wegel Tena, Ethiopia, iliyogunduliwa mwaka 2008, ni habari nyingine: humo hupatikana mabaki halisi ya mimea. Hadubini ndiyo inayoamua. Mmea mara nyingi huacha alama za seli zake; madini hujitawanya tu. Shaka ikibaki, doa humulikwa kwa leza, na mwanga unaorudi hutaja ni kitu gani.

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye madoa meusi ya kaboni. Opali hii ya Ethiopia hunywa maji kama sifongo, na wako wanaoifukiza moshi ili iwe nyeusi na ipande bei. Sasa doa hilo ni la asili, au la karakana? Asiye na hadubini hulazimika kumwamini muuzaji.

Swali hilohilo la nani wa kumwamini linahusu pia madini yetu. Hapa kwetu Burundi, mwaka 2021, serikali ilisimamisha uchimbaji wa madini adimu ya Gakara, ikilalamikia mikataba isiyo na uwiano. Kabla ya kusaini mingine, tuulize kwanza: nani atapima kilichomo kwenye shehena, kwa mashine ya nani, na majibu atapelekewa nani?