Kishawishi cha Kulipiza Kisasi



Dominika tarehe 17 Februari 2013, Marehemu Padre Evarist Mushi alipigwa risasi huko Unguja, alipofika kanisani kuadhimisha Misa. Sisi Wakristo wa Pemba, tulio wachache, tuliingiwa na kishawishi kilichovaa joho la haki: tumchukie jirani Mwislamu, tuliyechuma naye karafuu na kuhudhuriana naye misibani. Wengine, tusifichane, tuliacha hata kuitikia salamu.

Petro naye alichomoa upanga akidhani anamtetea Bwana. Lakini kule Gethsemane, alipoambiwa akeshe na kusali, alikuwa amelala.

Basi tukeshe kwanza. Na kukicha twende barazani kwa jirani, tumwamkie sisi, hata kama ulimi ungali mzito.