Fundi wa Kitaliani na Urithi wa Mikono

(Hotuba iliyotolewa Msamala, Songea, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi na malezi ya familia. Nimechagua mfano ambao pengine hamkuutarajia hapa Msamala: fundi wa Kitaliani aliyehamia Afrika ya Mashariki.

Kati ya mwaka 1876 na 1976, Wataliani zaidi ya milioni 20 waliihama nchi yao kutafuta riziki, wengi wakienda Marekani, Argentina na Brazil. Waliofika pande zetu wengi waliletwa na vita. Serikali yao iliivamia Ethiopia mwaka 1935, na dhuluma ile haina utetezi. Mwaka 1941 walishindwa, na miongoni mwa waliowashinda walikuwamo askari wa KAR kutoka Tanganyika. Maelfu ya mateka wakapelekwa Kenya.

Kati ya mateka hao walikuwamo waashi, maseremala na makanika, watu wenye wake na watoto kwao. Wengine walitiwa katika kazi ya kujenga barabara inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha. Mwaka 1942, kando ya barabara hiyo, karibu na Mai Mahiu, walijenga kikanisa kidogo. Barabara inapitika mpaka leo, na kikanisa bado kimesimama.

Ndugu zangu, hapa naomba tutue kidogo. Mateka alinyang'anywa bunduki, cheo na uhuru. Ujuzi wa kushika mwiko, randa au spana hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Vita vilipokwisha wengi walirudishwa kwao. Wapo waliobaki Kenya, au waliorejea baadaye, wakaishi kwa ufundi wao na kulea watoto wao huko. Najua kwamba katika nchi ya kikoloni rangi yao iliwafungulia milango iliyofungwa kwa Mwafrika. Lakini rangi peke yake haijengi ukuta ukasimama wima. Mtu aliyefika na namba ya mateka akawa baba anayelisha wanawe kwa jasho lake.

Wazee wetu nao walikuwa na namba. Ndiyo maana waliitwa manamba. Kutoka Songea walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 shirika la SILABU lilikuwa likiwaandikisha kwa ajili ya mashamba hayo. Nao waliacha wake na watoto, nao waliwapenda. Uhodari hawakuukosa. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha kazi ambayo ingebaki mikononi mwao baada ya mkataba kwisha. Walichouza ni nguvu, na nguvu huisha.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda Italia kujifunza jambo hili. Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na karakana zake zimetoa mafundi ambao kazi zao tunazitumia mpaka sasa. Hata hivyo, kijana wetu akisema anataka kuwa fundi bomba au makanika, nyuso zetu hukunjamana. Tunamtaka ofisini, hata kama nafasi ya ofisini haipo. Mimi ni mtumishi wa serikali. Barua za maombi ya kazi napokea nyingi kuliko viti tulivyo navyo.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Mfuko wetu usiishie kuwasaidia wanaoendelea na kidato cha tano tu. Kila mwaka tuwanunulie vifaa vya kazi vijana wachache wa shule yetu wanaokwenda kusomea ufundi: msumeno, nyundo, pima maji. Shamba hugawanywa kati ya ndugu mpaka likabaki vipande. Ufundi baba anaweza kuwarithisha wanawe wote, na kila mmoja akaupata mzima.