Faru, Chura na Mkataba wa Mkandarasi

Msikilizaji, anapotajwa mnyama aliye hatarini kutoweka, wengi wetu humfikiria faru mweusi, na anastahili. Mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na faru weusi 65,000 hivi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walisalia kama 2,400. Adui alijulikana: jangili na mnunuzi wa pembe. Kwa doria na ulinzi wa usiku na mchana, leo wamevuka 6,000. Ngorongoro wanajulikana mmoja mmoja kwa majina, hata Fausta alipokufa mwaka 2019, akiwa na miaka 57, msiba wake ulitangazwa.

Sasa mtazame chura wa Kihansi. Hafiki sentimita tatu, ana rangi ya dhahabu, hatagi mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika, na duniani kote makazi yake yalikuwa hekta kama mbili tu za majani yaliyolowa manyunyu ya maporomoko, kwenye korongo moja la milima ya Udzungwa. Jangili hakumgusa. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umeshaanza kujengwa. Mitambo ilipowashwa, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa huko, manyunyu yakakatika. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia korongo, lakini mwaka 2003 vyura wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni wenzake wapatao 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani, wakazaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, hadi uzao wao ukaanza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012.

Faru aliangamizwa na wavunja sheria. Chura aliponzwa na uamuzi halali, wenye saini na mihuri, na hapo askari hana wa kumkamata. Ndiyo maana nasema uhifadhi wetu unaotegemea bunduki ni nusu ya kazi.

Ataniuliza mtu: tukose megawati 180 kwa sababu ya chura? Hapana, wodi za wazazi zinahitaji taa. Lakini hatukulazimika kuchagua kimoja. Korongo lingechunguzwa kabla ya michoro, mgawo wa maji yake ungepangwa tangu mwanzo, badala ya kuwavusha vyura bahari. Mwingine atasema faru huleta watalii. Kweli, ila faru wakipungua hapa, mbegu ipo kwa jirani. Mkomazi ililetewa faru kutoka Afrika Kusini. Mbegu ya chura huyu tungeiomba kwa nani?

Milima hiyo bado ina viumbe wasiopatikana kwingine, na miradi haijaisha. Tathmini ya mazingira ikamilike kabla mkandarasi hajasaini mkataba, na iwe na nguvu ya kubadilisha mchoro.