Hesabuni Pumzi za Mtoto



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mtoto mchanga ashikwaye na kikohozi na homa mara kwa mara. Hakuna kijiji wala mtaa usiomjua mtoto wa namna hiyo. Juma hili ana mafua. Juma lijalo amepona. Na kabla ya mwezi kwisha anakohoa tena.

Kwanza, msifadhaike. Mwili wa mtoto ni mgeni duniani, nao hujifunza kupigana na vijidudu vya kila aina kimoja baada ya kingine. Mtoto mdogo mwenye afya njema aweza kupata mafua mara 6 au hata 8 katika mwaka mmoja. Mengi ya mafua hayo huisha yenyewe, wala hayahitaji dawa za kuua bakteria.

Lakini katika jambo hili la kawaida ndimo hatari ilimojificha. Mazoea yana taabu. Mama aliyeuguza mafua mara 6, mara ya 7 husema, "Ni yale yale." Yumkini si yale yale. Yumkini ni nimonia, yaani homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi. Ugonjwa huu ni miongoni mwa magonjwa yauayo watoto wengi zaidi walio chini ya umri wa miaka 5. Mtoto asiyejua kusema hawezi kutuambia kwamba safari hii mambo yamegeuka. Pumzi zake ndizo zitakazotuambia.

Basi, tujifunze kuzihesabu. Ngojeni mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inueni nguo yake mpate kuona kifua na tumbo. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabuni kwa dakika moja nzima, kwa saa ya mkono au ya simu. Mtoto aliye chini ya miezi 2, zikifika pumzi 60, hiyo ni hatari. Aliye na miezi 2 hata kutimiza mwaka, ni 50. Aliyetimiza mwaka 1 hata miaka 5, ni 40.

Kisha tazameni chini ya mbavu. Ikiwa pale pabonyea ndani kila avutapo pumzi, mpelekeni hospitali mara moja. Fanyeni vivyo hivyo ikiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ametukutika kwa degedege, au amelegea na haamki vema. Na mtoto aliye chini ya miezi 2 akipata homa, hata kama hana dalili nyingine, asingojewe mpaka asubuhi.

Akina baba, neno hili ni lenu hasa. Nauli ya hospitali na iwekwe mapema mahali mama anapopajua, wala asilazimike kungoja ruhusa au kurudi kwa mumewe. Nimonia haingojei mwisho wa mwezi.

Wakaao pwani au kando ya Ziwa Viktoria, na waliotoka huko karibuni, wakumbuke kwamba homa yaweza kuwa malaria, nayo haijulikani pasipo kupimwa damu. Mkipewa dawa, mpeni mtoto kwa siku zote mlizoagizwa, hata akionekana mzima. Msimwekee nusu kwa kikohozi kijacho.

Tena, msimkatishe mtoto kimio. Kazi hiyo haiponyi kikohozi. Huleta kutokwa na damu na vidonda vibaya. Wala msimnyweshe mafuta ya taa, kwani yakiingia mapafuni huyaunguza.

Kinga nayo i mikononi mwetu. Mtoto na anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Asilazwe penye moshi wa kuni, makaa au sigara. Apate chanjo zote: ile ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011, hutolewa akiwa na majuma 6, 10 na 14, na ya surua akiwa na miezi 9, kisha 18.

Iwapo nimonia yenyewe yamrudia, au haongezeki uzito, chukueni kitabu chake cha kliniki mkamwombe daktari atafute sababu. Huenda ikawa pumu, kifua kikuu, ugonjwa wa moyo au virusi vya UKIMWI. Msiogope kuuliza, kwa maana magonjwa hayo yote yana matibabu.

Nawaomba jambo moja kabla hatujaagana. Leo jioni, mtoto akiwa mzima na ametulia, hesabuni pumzi zake kwa dakika moja, baba na mama pamoja. Mkizijua pumzi zake za siku ya afya, hamtadanganyika siku ya ugonjwa.