Mizigo ya Kupandia Mlimani



Mmetutaka tuseme machache juu ya vitu impasavyo mtu kuchukua apandapo Kilimanjaro, kwa kuwa baadhi yenu mwakusudia kwenda wakati wa livu. Twasema kama watu waliokosa kwanza, ndipo wakajifunza.

Sisi wa Rau twauona mlima kila asubuhi, na kwa hiyo twadhani twaujua. Hapa tupo kama mita 800 juu ya bahari. Kituo cha Mandara, chenye jina la Mangi wa Moshi, kipo mita 2,700, na nyumba ya Kibo mita 4,700. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Basi aliyetoka jasho hapa sokoni, akifika Kibo amepoteza digrii zaidi ya 20, mbali ya upepo na usiku.

Safari yetu ya kwanza tulikuwa na makabuti mazuri, nayo yote tuliyafunga katika mizigo ya wapagazi. Tulipotoka msituni mvua ikatushika. Mashati yetu ya pamba yakalowa, wala pamba iliyolowa haimpi mtu joto. Tukajikunyata chini ya jiwe, meno yakigongana, tukiyangoja makabuti yaliyokuwa nyuma yetu kwa muda wa saa mbili. Mpagazi alipofika, tulimwona amevaa shati moja na viatu vya raba vilivyotoboka. Makabuti yetu kichwani pake yalikuwa makavu. Yeye alitetemeka kuliko sisi. Hatukuwa tumemwuliza ana nguo gani. Haya ile haijatutoka hata leo.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, nao hawakuwa peke yao: Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki kambi ya juu akiwangoja.

Basi kabuti la mvua, sweta ya sufu, maji, chakula kidogo, kurunzi na filimbi vikae mgongoni mwa mwenyewe. Soksi na nguo za kulalia zitiwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Viatu viwe vimekwisha kuzoea mguu. Vile vya ofisini viacheni nyumbani, hata viking'aa namna gani. Betri za kurunzi laleni nazo, maana baridi huzidhoofisha, na safari ya kilele aghalabu huanza usiku wa manane. Chupa ya maji igeuzeni kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Miwani myeusi msiisahau, kwa ajili ya theluji.

Walakini kwa ugonjwa wa mlima msitegemee kifaa. Mtu akiumwa kichwa sana, akitapika, akipepesuka kama mlevi, ateremshwe mara moja, ijapokuwa ni usiku, ijapokuwa kilele chaonekana.

Ama kwa wapagazi, upo Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003, unaowaazima nguo za baridi bila malipo. Hivyo hatuna udhuru. Asubuhi ya safari, langoni Marangu, kila mmoja wetu atafungua mkoba wake mbele ya wenzake, na kila mpagazi vilevile. Akionekana mmoja asiye na kabuti, hatuondoki mpaka lipatikane.